Mwongozo kamili: kumwajiri mbunifu wa ndani bila nyumba kukwama njiani

Ndani ya mwezi mmoja wasomaji watatu wameniletea kilio kimoja. Mmoja yuko Tegeta, wa pili Kigamboni, wa tatu anamalizia nyumba Bagamoyo. Kila mmoja alionyeshwa picha za kompyuta zinazong'aa, akatoa malipo ya awali, na sasa ana dari ya jipsamu iliyoishia katikati, kabati la jikoni lisilofunga na simu isiyopokelewa.

Niliwaomba wanitumie michoro yenye vipimo. Hakuna aliyekuwa nayo. Walikuwa na picha tu. Picha inakuonyesha sebule itakavyopendeza, lakini haimwambii seremala akate ubao sentimita ngapi, naye asipoambiwa atakata kwa macho.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: lipia mchoro kwanza, vifaa baadaye, na fedha za viwili hivyo zisikae mfuko mmoja. Nimeuandika nikiwa na mkazi wa Dar es Salaam na pwani akilini. Ukiwa Arusha au Dodoma, ruka habari za chumvi ya bahari. Mengine ni yale yale.

## Vya kuwa navyo kabla ya kumpigia mtu simu

- Tepu ya chuma ya mita 5 au zaidi. Ile ya mshonaji inavutika, usiitumie.
- Utepe wa karatasi wa mafundi rangi, rola mbili. Utaona kazi yake hatua ya 7.
- Ramani ya nyumba, kama ipo. Kama nyumba ilijengwa bila ramani, hatua ya 1 itakupa ya kuanzia.
- Picha za kila chumba kutoka pembe zote nne, mchana na usiku.
- Orodha ya samani zitakazobaki, na vipimo vyake.
- Fedha iliyopo mkononi. Ya kikoba kitakachovunjwa Desemba haijawa fedha bado.
- Ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, kama umepanga. Na ukiwa mpangaji, weka nguvu kwenye vitu utakavyoondoka navyo: mapazia, taa za kusimama, kabati za kubeba.
- Mtu mmoja mwenye neno la mwisho. Mume na mke mkitoa maagizo mawili, fundi atafanya la tatu.

## Hatua ya 1: Pima nyumba mwenyewe

Mbunifu atapima upya, ndiyo. Wewe pima ili ujue atakapokosea.

Chora kila chumba kwenye karatasi yake, hata kwa mkono mbaya. Andika urefu, upana, kimo cha dari, upana wa kila mlango na unakofungukia, kimo cha kizingiti cha dirisha kutoka sakafuni, na mahali pa kila soketi, swichi na bomba. Pima pia mlango mkubwa, korido na kona ya ngazi, maana samani zitapita hapo. Kuta zetu nyingi hazijanyooka, hivyo pima upana wa chumba mara tatu: chini, katikati na juu. Shika kipimo kidogo kuliko vyote.

Hapa mwenyewe yalinikuta. Seremala aliniachia nafasi ya friji ya sentimita 70. Friji ilikuwa na upana wa 68, tukashangilia. Hakuna aliyekumbuka kwamba ubavuni kuna ukuta, na mlango wa friji ukifunguka unahitaji pa kwenda. Ukaishia nusu, droo za ndani zikawa hazitoki. Friji ile ilikaa sebuleni miaka miwili, ikinguruma kila tunapokaa kusikiliza taarifa ya habari.

Utajua umefaulu ukiweza kumtumia ndugu aliyeko Mwanza karatasi yako naye akakujibu kama kitanda cha futi 6 kwa 6 kitaingia. Chumba cha upana wa mita 3, kitanda hicho kikikaa katikati, kila upande unabaki na sentimita 58 hivi, kabla hujahesabu fremu. Kabati lenye milango ya kufunguka nje hapo ni ugomvi.

## Hatua ya 2: Andika mnavyoishi, si mnavyotamani

Nusu ukurasa unatosha. Nani anaamka kwanza na anapita wapi gizani? Nani anapika, na je, maharage yanachemkia kwenye gesi au kwenye jiko la mkaa uani? Mnakula mezani au mkekani? Wageni kutoka kijijini hulala wapi, na kwa siku ngapi? Kuna mahali pa kuswalia? Viatu vinavuliwa wapi?

Kuna swali moja ambalo sijaona mbunifu akiuliza bila kukumbushwa: siku ya msiba au ya shughuli, sebule inaondolewaje vitu? Sisi hutoa makochi nje na kutandika mikeka. Sofa la kona lililotengenezewa ndani, lisilopita mlangoni, litakuaibisha siku ambayo hutaki kufikiria sofa. Andika wazi kwamba kila samani ya sebuleni lazima itoke.

Usiandike neno lolote la rangi katika ukurasa huu. Rangi zitakuja zenyewe.

## Hatua ya 3: Gawa fedha kabla hujaitaja

Tuseme una milioni 20. Toa asilimia 15 kwanza, yaani milioni 3, uifungie mbali. Ni ya yale yasiyoonekana: bomba lililooza ndani ya ukuta, nyaya zilizounganishwa kienyeji, marumaru zilizopungua. Inayobaki, milioni 17, ndiyo bajeti utakayoitaja, na ada ya mbunifu imo humo.

Kama milioni 17 haitoshi nyumba nzima, punguza vyumba. Usipunguze ubora kila mahali. Jiko na bafu vianze, kwa sababu humo kuna maji, na kosa la maji hulirekebishi bila kubomoa. Chumba cha wageni kinaweza kungoja mwaka mzima kikiwa na kitanda na pazia tu.

## Hatua ya 4: Tafuta watatu, kagua kazi zao kwa macho

Kwanza jua unamtafuta nani. Mbunifu majengo huchora jengo lenyewe. Mbunifu wa ndani hupanga nafasi, umeme, taa, makabati, vifaa na samani ndani ya jengo lililokwisha simama. Mpambaji huja mwisho, na mapazia, mito na picha za ukutani. Kama shida yako ni mapazia, usilipie mchoro. Kama unataka kuvunja ukuta, mbunifu wa ndani peke yake hatoshi. Mhandisi aseme kwanza kama ukuta huo umebeba kitu, nawe uulize halmashauri kuhusu kibali.

Tanzania Bara kuna Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, AQRB, ambayo usajili wake unagusa pia wabunifu wa ndani. Muulize mtu wako namba yake ya usajili, kisha iulizie kwenye bodi. Chuo Kikuu Ardhi kinatoa shahada ya fani hii, hivyo waliosomea wapo. Wapo pia wazuri waliojifunzia kazini. Tofauti ni kwamba aliyesajiliwa ana mahali pa kushtakiwa akikuachia nyumba njiani.

Kisha omba kuingia nyumba aliyoimaliza angalau miaka miwili iliyopita. Nyumba mpya zote ni nzuri. Ukifika:

1. Fungua kabati la chini ya sinki, upapase ubao wa chini. Ukiwa umevimba kama mkate ulioloa chai, umeshapata jibu.
2. Vuta droo zote hadi mwisho.
3. Gonga marumaru za sakafu kwa sarafu. Mlio wa debe tupu maana yake gundi haikuenea chini.
4. Mtafute anayepika humo kila siku, mara nyingi ni dada wa kazi, umuulize kwa upole angebadilisha nini. Mwenye nyumba atasifu alichokilipia. Dada atakwambia kwamba swichi ya jikoni iko nyuma ya mlango.

Asiyeweza kukupeleka hata nyumba moja, ana picha za kompyuta pekee, mshukuru na uendelee na safari.

## Hatua ya 5: Mazungumzo ya kwanza

Mwite nyumbani, si mgahawani. Mpe ukurasa wa hatua ya 2 na unyamaze. Mtazame: anatoa tepu au anatoa simu akuonyeshe Pinterest?

Ukimwonyesha picha uliyoipenda, mzuri atauliza maswali. Nimewahi kushuhudia mazungumzo haya Mbezi:

"Dada, nataka jiko kama hili, jeupe tupu."

"Sawa kaka. Nani anakaanga samaki hapa, na mara ngapi kwa wiki?"

"Mama. Karibu kila siku."

"Basi tuanze na dirisha na feni ya kutoa moshi, weupe tutaurudia."

Huyo aliajiriwa, na jiko likawa jeupe juu, kijivu chini.

Ogopa anayekutajia bei ya jumla kabla hajapima. Ogopa zaidi anayesema "wewe niachie mimi tu."

## Hatua ya 6: Mkataba, na habari ya cha juu

Hapa ndipo wasomaji wangu watatu walipopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Ada. Wapo wanaotoza kwa mita ya mraba, wapo wanaotoza kiasi kimoja kwa kazi yote, wengine asilimia ya gharama za kazi, wengine kwa kila ziara. Kwa nyumba ya kawaida, napendelea kiasi kimoja kwa ajili ya michoro, na malipo ya ziara kwa ajili ya usimamizi. Asilimia ina kishawishi ndani yake: kadiri unavyotumia, ndivyo anavyopata.

Mafungu. Mgawo ninaoupendekeza kwa ada ya mbunifu ni asilimia 30 mkisaini, 40 ukikabidhiwa michoro yote, 30 kazi ikiisha. Fundi naye alipwe kwa hatua iliyokamilika na kukaguliwa. Usilipe kwa wiki, wala kwa "bosi, nyumbani kuna mgonjwa." Ukitaka kumsaidia mgonjwa, msaidie kwa mfuko mwingine.

Vifaa. Lipa dukani mwenyewe, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, itoke kwa jina lako. Mbunifu akupe orodha yenye aina, namba ya rangi, kiasi na duka. Ukiagiza makochi Keko, pia lipa wewe, nenda na mchoro, na upige picha fremu kabla haijavikwa kitambaa. Baada ya kitambaa hutajua kama ndani kuna mninga au mabaki ya maboksi.

Cha juu. Tusizungukane, kipo. Maduka mengi humpa kamisheni anayeleta mteja, na wapo wabunifu wanaoongeza chao juu ya bei. Kosa linaanzia kwenye kificho. Muulize wazi: "Ukininunulia wewe, chako ni asilimia ngapi?" Anayetaja namba, iandikeni kwenye mkataba. Anayeapa kwamba hachukui hata shilingi, hakikisha bei mwenyewe kwenye maduka mawili Kariakoo kabla ya kulipa.

Mengine yasiyokosekana kwenye karatasi: vyumba vinavyohusika, idadi ya marekebisho ya bure ya mchoro (mawili yanatosha), tarehe, nani anawaleta mafundi, na kwamba michoro ni yako hata mkiachana. Kila nyongeza iandikwe na kukubaliwa bei kabla haijafanyika, hata kwa ujumbe wa WhatsApp.

Zuio. Shikilia asilimia 10 ya malipo ya mafundi hadi masika moja ipite. Waambie mapema, siku ya kusaini. Ukiwaambia mwisho itaonekana dhuluma.

Utajua umefaulu kama mkiachana leo, utabaki na michoro, risiti na fedha za hatua ambazo hazijafanyika.

## Hatua ya 7: Mchoro wenye vipimo

Usinunue hata msumari kabla ya kupata hivi: mpango wa samani wa kila chumba, mchoro wa umeme wenye kimo cha kila soketi na swichi, mchoro wa dari na taa, na mchoro wa kila ukuta wa jikoni na bafuni ukitazamwa kwa mbele. Na orodha ya vifaa.

Linganisha na vipimo hivi. Mwili wa binadamu haujali mtindo:

- Njia ya kupita: sentimita 90.
- Kati ya sofa na meza ndogo: 40 hadi 45.
- Kaunta ya jikoni: kimo 85 hadi 90, kina 60. Mpishi akunje kiwiko. Kaunta iwe sentimita 10 hadi 15 chini yake. Mama mfupi akikatia vitunguu kaunta ya 95, bega litalia.
- Kati ya kaunta mbili zinazotazamana: 100 hadi 120.
- Meza ya chakula: kimo 75, na kila mlaji apate upana wa 60.

Sasa toa utepe wa karatasi. Bandika sakafuni umbo la kila samani kwa kipimo chake halisi: sofa, meza, kitanda, kabati milango ikiwa wazi. Ishini humo siku mbili. Pita na ndoo ya maji, pita na mtoto mgongoni. Mtakapokuwa mnakanyaga utepe kila mara, hapo samani imezidi. Kazi hii inagharimu bei ya utepe tu, nami nimeona ikifuta sofa zima kwenye orodha.

Kisha simama pembeni ya kitanda cha utepe na ujiulize simu itachajiwa wapi. Jikoni hesabu friji, birika, blenda, maikrowevu, halafu ongeza soketi mbili. Mtungi wa gesi ukae mbali na soketi na moto, mahali penye hewa.

## Hatua ya 8: Vifaa vinavyostahimili pwani

MDF ya kawaida, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, hunywa maji kama sponji. Iache kwa makabati ya vyumbani, na hata huko iachane na ukuta wa nje kwa sentimita 3 hadi 5 ili unyevu upite. Jikoni na bafuni tumia plaiwudi ya marini au mbao ngumu iliyokauka vizuri.

Bawaba, reli za droo na vitasa: chumvi ya bahari huvila. Beba sumaku ndogo. Ikinata kwenye kitu unachoambiwa ni chuma cha pua, mara nyingi hicho kitashika kutu mapema. Karibu kabisa na ufukwe ulizia daraja la 316, ambalo hustahimili chumvi kuliko 304.

Upepo wetu ni kaskazi na kusi, na nyumba ya Dar bila upepo ni tanuri. Kagua mchoro: kuna kabati linaloziba dirisha? Likatae, hata liwe zuri vipi. Kwenye ukuta mnene, fikiria zidaka kama za nyumba za kale za Lamu na Unguja. Ni rafu zisizokula nafasi ya chumba.

Marumaru nunua na ziada ya asilimia 10, maboksi yote yawe na namba moja ya toleo, maana nyeupe ya toleo moja si nyeupe ya jingine. Ukimaliza hifadhi boksi moja. Bafuni chagua zenye uso wa kukwaruza, zisizoteleza.

Balbu soma namba ya rangi ya mwanga kwenye boksi: 3000K sebuleni na vyumbani, 4000K jikoni. 6500K ni mwanga wa duka la dawa. Sebule yako itageuka mahali pa kusubiri kuitwa.

Rangi ipakwe kwanza kipande cha mita 1 ukutani, uitazame asubuhi, saa kumi jioni na usiku taa zikiwaka. Ndipo ununue ndoo.

## Hatua ya 9: Kazi ifuate mpangilio huu

1. Kubomoa.
2. Mabomba na nyaya ndani ya kuta. Kabla ya kuziba, piga picha kila ukuta tepu ikionekana. Siku ya kutundika televisheni utazihitaji.
3. Plasta, na dawa ya kuzuia maji bafuni. Ziba tundu la maji, jaza sakafu, acha saa 24, kisha uangalie chini na pembeni kama kuna ubichi. Marumaru zisiwekwe kabla ya jaribio hili.
4. Dari ya jipsamu.
5. Marumaru. Sakafu ya bafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu.
6. Skimingi (kulainisha ukuta kabla ya rangi), praima na mkono wa kwanza wa rangi. Plasta mpya ipewe kama wiki nne ikauke. Ukiwahi, rangi itabanduka kama ngozi ya nyoka.
7. Makabati, kisha graniti. Fundi graniti apime baada ya makabati kufungwa. Kupima kwa mchoro hapa hapana.
8. Mkono wa mwisho wa rangi, taa, mapazia, samani.

Mafundi watataka kuruka, hasa wa makabati, kwa sababu anayo kazi nyingine Mbagala. Mwambie aende, atarudi. Kabati likifungwa kabla ya skimingi litajaa vumbi hadi kwenye reli za droo, nawe utalisikia likisaga miaka yote.

## Hatua ya 10: Kupokea kazi

Nenda asubuhi na mbunifu pamoja na fundi mkuu. Beba chaja ya simu, tochi, sarafu na utepe uliobaki. Kila dosari bandikia kipande cha utepe chenye namba, na namba hiyo iandike kwenye daftari pamoja na tarehe ya kurekebishwa. Wote watie saini.

Chaja ipite kila soketi. Fungua bomba zote dakika 10 huku tochi ikimulika chini ya masinki. Mwaga ndoo ya maji bafuni. Yakituama kwenye kona, marumaru za pale zinatoka leo. Fungua na kufunga kila mlango, wa chumba na wa kabati.

Zuio libaki mkononi mwako. Masika yakiisha, rudi na tochi ile ile, piga magoti mbele ya kabati la chini ya sinki, ingiza kichwa na unuse. Kama hakuna harufu ya uvundo na ubao haujavimba, mpigie fundi umlipe asilimia yake 10 siku hiyo hiyo.